Kuomba Shahada ya Uzamili au ya Uzamivu: Swali Kwanza, Fomu Baadaye

Fomu ya maombi ya shahada ya juu inaweza kujazwa kwa saa mbili, na hapo ndipo waombaji wengi hudanganyika. Yanayotakiwa kuambatanishwa na fomu hiyo, yaani barua za watu wanaokufahamu kitaaluma, andiko la utafiti, hati ya matokeo iliyothibitishwa, matokeo ya mtihani wa lugha na uhakika wa fedha, huchukua miezi kadhaa kukusanywa, na mengi kati yake yamo mikononi mwa watu wengine ambao hawana haraka uliyo nayo wewe. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unamchukua mwombaji tangu mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza, au miezi 18 ikiwa anategemea ufadhili, na kumfikisha hadi pale anapopokea barua ya udahili na kuamua kuikubali au kuikataa.

Hatua ya kwanza: Ijue shahada unayoiomba

Masomo yanayofuata shahada ya kwanza hayafanani. Stashahada ya uzamili kwa kawaida ni fupi na humfaa anayetaka ujuzi mahususi wa kazi au anayehamia fani nyingine. Shahada ya uzamili iko ya namna mbili: ya kozi, ambayo mwanafunzi huhudhuria mihadhara, hufanya mitihani na kumalizia kwa tasnifu, na ya utafiti, ambayo karibu kazi yote ni tasnifu moja inayoandikwa chini ya msimamizi. Shahada ya uzamivu humdai mwanafunzi atoe maarifa ambayo taaluma yake haikuwa nayo kabla, na humtaka ayatetee mbele ya watahini.

Utaratibu hubadilika pia kutoka nchi moja hadi nyingine, na mabadiliko hayo yanagusa hata namna ya kuomba. Nchini Uingereza uzamili wa kozi huchukua kwa kawaida mwaka mmoja, ilhali katika nchi nyingi za bara la Ulaya huchukua miaka miwili, kila mwaka ukihesabiwa kuwa na krediti 60, yaani vipimo vya wingi wa kazi ya masomo. Nchini Marekani mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja bila kupitia uzamili, kwa kuwa miaka ya mwanzo ya masomo hayo ni ya kozi na mitihani. Uingereza, kinyume chake, humtarajia mwombaji wa uzamivu afike akiwa na wazo la utafiti lililokwisha kukomaa, na amalize kwa miaka mitatu au minne. Nchini Ujerumani njia iliyozoeleka ni kumpata kwanza profesa aliyekubali kukusimamia, ndipo uombe kusajiliwa. Mtu anayetuma maombi yaleyale, kwa maneno yaleyale, katika nchi hizo tatu atakuwa amewajibu wawili kati ya watatu jambo ambalo hawakuliuliza.

Hatua ya pili: Andika swali lako kabla ya kutafuta chuo

Hatua hii ndiyo ninayoiona kuwa msingi wa zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mwombaji huanza kwa kuorodhesha vyuo vyenye sifa kubwa, kisha hujaribu kujitengenezea shauku inayolingana na kila kimoja. Anayeanza na swali hupata mwelekeo wa mambo yote yanayofuata: chuo gani, msimamizi gani, barua iandikweje, nani aombwe kumpendekeza.

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao hadi mwisho. Mwombaji anasema anataka kusoma kuhusu mabadiliko ya tabianchi na kilimo. Hilo ni eneo pana lenye maelfu ya watafiti, na halimwambii msomaji wa maombi lolote kuhusu mwombaji huyo. Akijiuliza ni kitu gani hasa kilichomvutia, anakumbuka kwamba alipokuwa kazini aliona wakulima wakipokea utabiri wa mvua kwa simu na bado wakipanda tarehe walizozizoea. Sasa anaweza kuandika: "Kwa nini mkulima aliyepata utabiri wa hali ya hewa kwa wakati haubadilishi uamuzi wake wa lini apande?" Swali hilo lina watu ndani yake, lina uamuzi unaoweza kuchunguzwa, na tayari linaonyesha kwamba mahali pake panaweza kuwa katika idara ya uchumi wa kilimo, ya sosholojia, au ya mawasiliano.

Kwa mwombaji wa uzamili wa kozi swali halihitaji kuwa kali kiasi hicho, lakini aandike walau aya moja inayoeleza ni tatizo gani anataka kuweza kulishughulikia baada ya masomo ambalo leo hawezi. Akishindwa kuiandika aya hiyo baada ya kujaribu kwa dhati mara kadhaa, ni heri asubiri mwaka mmoja, kwa maana fedha na muda vitakavyotumika ni vingi mno kwa mtu ambaye hajajua anakwenda kutafuta nini.

Hatua ya tatu: Tafuta watu, ndipo utafute chuo

Chukua maneno makuu ya swali lako uyatafute katika Google Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kitaaluma mtandaoni, au katika hifadhidata za makala ambazo maktaba ya chuo ulichosoma inazo. Soma makala za miaka ya karibuni, angalia nani wanatajwa tena na tena, kisha fuatilia wanafundisha wapi. Orodha ya majina sita hadi kumi inatosha kuanzia. Kabla ya kumwandikia yeyote kati yao, fungua ukurasa wa idara yake uhakikishe kwamba bado yupo, kwamba hajastaafu, na kwamba anapokea wanafunzi. Idara nyingine huwakataza waombaji kuwaandikia wahadhiri moja kwa moja kwa sababu udahili huamuliwa na jopo. Ukikuta agizo la namna hiyo, litii.

Barua pepe ya kwanza kwa msimamizi mtarajiwa iwe fupi kiasi cha kusomwa kwa dakika moja. Mwombaji wa mfano wetu angeweza kuandika hivi, kwa lugha ya chuo husika:

"Mheshimiwa Profesa, naandaa maombi ya shahada ya uzamivu itakayoanza mwakani. Nimesoma makala yako kuhusu jinsi kaya zinavyopima hatari ya ukame, na hoja yako kwamba hasara ya msimu mmoja huathiri maamuzi ya misimu inayofuata imenifanya nijiulize kama hiyo ndiyo sababu ya wakulima niliofanya nao kazi kwa miaka mitatu kutoufuata utabiri wa mvua. Nimeambatanisha wasifu wangu na muhtasari wa ukurasa mmoja wa utafiti ninaoukusudia. Naomba kujua kama unapokea wanafunzi wapya na kama mada hii inaingia katika kazi zako. Nashukuru kwa muda wako."

Barua hiyo inataja hoja mahususi ambayo mtu asiyesoma makala asingeweza kuitaja, inaeleza mwombaji ametoka wapi, na inauliza maswali mawili yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Usitume barua moja kwa wahadhiri ishirini kwa kubadilisha jina juu, kwani wanaozipokea wamezisoma nyingi na huzitambua upesi. Usipojibiwa baada ya wiki mbili hivi, kumbusha mara moja kwa upole, kisha endelea na jina linalofuata. Ukimya wa mtu mwenye shughuli nyingi hauna maana kwamba wazo lako ni baya.

Hatua ya nne: Soma masharti yote na utengeneze kalenda

Sasa una vyuo vinne au vitano. Kwa kila kimoja soma ukurasa rasmi wa programu, si maelezo ya mawakala wala ya watu waliosoma huko zamani, na uandike katika jedwali: tarehe ya mwisho ya udahili, tarehe ya mwisho ya ufadhili, wastani wa alama unaotakiwa, mtihani wa lugha, idadi ya barua za mapendekezo, urefu wa barua ya dhamira (inayoeleza unataka kusoma nini na kwa nini) na wa andiko la utafiti, na ada ya kuomba. Zingatia kwamba tarehe ya ufadhili mara nyingi hutangulia ile ya udahili, wakati mwingine kwa miezi kadhaa. Programu nyingi za uzamivu za Marekani zinazoanza Agosti au Septemba hufunga maombi kati ya Desemba na Januari, kwa hiyo mtu anayeanza kuulizia mwezi Machi amekwisha kuchelewa kwa mwaka huo.

Ikiwa wastani wako uko chini kidogo ya unaotakiwa, iandikie ofisi ya udahili uulize kama uzoefu wa kazi, stashahada ya uzamili au machapisho yanaweza kuzingatiwa. Vyuo vingine vina njia hiyo na vingine havina. Kuuliza ni bure. Ada ya kuomba mahali usipostahili kuingia hairudishwi.

Hatua ya tano: Nyaraka zinazotoka kwa wengine

Anza na hati ya matokeo kutoka chuo ulichohitimu, kwa kuwa ofisi za usajili hufanya kazi kwa mwendo wake. Hakikisha jina lililoandikwa humo ni lile lile lililomo katika cheti na pasipoti, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya jina, iwe imetokana na ndoa au na kosa la mwandishi, huhitaji hati ya kiapo au ya kubadili jina, na ni afadhali kuishughulikia mapema kuliko wiki ya mwisho. Cheti kikiwa katika lugha isiyokubaliwa na chuo unachokiomba kitafsiriwe na mfasiri anayetambulika kisheria. Baadhi ya vyuo na balozi hudai pia uthibitisho wa serikali. Kwa nchi zilizojiunga na mkataba wa The Hague wa 1961, uthibitisho huo ni muhuri mmoja unaoitwa apostile.

Mtihani wa lugha upangiwe tarehe inayokuachia nafasi ya kuurudia. Matokeo ya IELTS na ya TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hutambuliwa kwa miaka miwili, na ya GRE, mtihani wa uwezo wa jumla unaotakiwa na baadhi ya programu, kwa miaka mitano, hivyo kufanya mapema mno nako kuna hasara yake. Programu nyingi za shahada za juu hutaka alama 6.5 au 7 katika IELTS, yenye kipimo cha hadi 9, na nyingine huweka kiwango cha chini kwa kila stadi, kwa hiyo wastani mzuri hauwezi kumwokoa aliyeanguka katika uandishi. Waliosoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza wachunguze kwanza kama chuo kinaweza kuwasamehe mtihani kwa barua kutoka chuo chao cha zamani.

Hatua ya sita: Wanaokupendekeza

Barua ya mapendekezo yenye nguvu huandikwa na mtu aliyekuona ukifanya kazi. Mhadhiri aliyesimamia tasnifu yako ya mwaka wa mwisho, hata akiwa kijana asiye na cheo, anaweza kueleza jinsi ulivyolitatua tatizo la data zilizokuwa na mapengo. Mkuu wa kitivo ambaye hakukufahamu ataandika kwamba ulikuwa mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu, maneno ambayo msomaji ameyakuta katika kila barua nyingine.

Mwombe kila mmoja angalau wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, na umwulize waziwazi kama anaweza kuandika barua itakayokusaidia. Swali hilo humpa nafasi ya kukataa kwa heshima ikiwa hakukumbuki vizuri, na kukataa kwake wakati huo kutakuepusha na barua dhaifu. Akikubali, mpe wasifu, rasimu ya barua yako ya dhamira, hati ya matokeo, orodha ya programu pamoja na tarehe zake, na kumbukumbu fupi ya kazi mliyofanya pamoja. Mfumo wa maombi kwa kawaida humtumia kiungo cha kupakia barua mwenyewe, na kiungo hicho huweza kuangukia miongoni mwa barua taka. Mkumbushe wiki mbili kabla, kisha siku chache kabla. Kuna wahadhiri ambao humwambia mwanafunzi ajiandikie barua nao wataisaini. Ikiwezekana kumshawishi aiandike mwenyewe, mshawishi, kwa sababu chuo kinataka sauti yake, na barua tatu zenye mtindo mmoja wa uandishi hutia shaka.

Hatua ya saba: Barua ya dhamira na andiko la utafiti

Jopo la udahili linaposoma barua ya dhamira linatafuta majibu ya mambo matatu: mtu huyu anataka kufanya nini, ana uwezo gani wa kukifanya, na kwa nini akifanyie hapa. Anza moja kwa moja na swali au tatizo lako. Utoto wako na ndoto za tangu darasa la kwanza viache, isipokuwa kama kuna tukio lililobadilisha kweli mwelekeo wako wa kitaaluma. Katikati ya barua eleza kazi moja au mbili ulizofanya, kwa kina: ulikabiliwa na nini, ulichagua njia gani, ulipata nini, na hukuweza kujibu nini. Sehemu ya mwisho itaje kozi, maabara, hifadhi ya nyaraka au wahadhiri wa chuo hicho wanaohusiana na swali lako. Kuna njia rahisi ya kuipima aya hiyo: badilisha jina la chuo uweke la kingine, na kama bado inasomeka sawasawa, iandike upya.

Ikiwa una mwaka ambao matokeo yako yalishuka kwa ugonjwa au msiba, lieleze kwa sentensi mbili zisizo na malalamiko, kisha uonyeshe matokeo yaliyofuata. Ukilificha, msomaji atalikuta katika hati ya matokeo na atajitungia maelezo yake.

Andiko la utafiti lina mpangilio unaojulikana: tatizo, yaliyokwisha kuandikwa na pengo lililopo, maswali, mbinu, ratiba na marejeo. Mapitio ya maandishi hushinda waombaji wengi kwa sababu huyageuza kuwa orodha ya nani alisema nini. Yaandike kama mjadala: watafiti wa kundi moja wanadai wakulima hawaamini utabiri, wa kundi jingine wanadai wanauamini lakini hawana mtaji wa kubadilisha mbegu, na hakuna aliyezilinganisha sababu hizo mbili katika kaya zilezile. Hapo pengo limejitokeza lenyewe. Katika mbinu, sema utazungumza na kina nani, wangapi takriban, kwa muda gani, na utachambua vipi utakachokusanya. Mwombaji anayeahidi kuchunguza nchi tano kwa miaka mitatu bila msaidizi huonyesha kwamba hajawahi kukaa uwandani. Kupunguza ukubwa wa kazi ni dalili ya ukomavu. Taja pia utapataje kibali cha kimaadili ikiwa utafiti wako unahusu binadamu.

Maandishi haya yote yawe yako. Kunakili aya ya mtu bila kumtaja ni wizi wa kitaaluma, na vyuo vina programu za kuugundua. Kuhusu programu za akili unde, soma kanuni ya kila chuo, kwa kuwa vingine huruhusu kusahihisha lugha tu na vingine hutaka utamke umezitumia vipi. Mpe rasimu msomaji mmoja wa fani yako na mmoja wa nje ya fani. Pale ambapo yule wa nje amekwama, jopo nalo linaweza kukwama, maana si wajumbe wote wake wanatoka katika mada yako.

Hatua ya nane: Fedha

Kabla ya kutafuta ufadhili wa nje, uliza wa ndani. Programu nyingi za uzamivu nchini Marekani humlipa mwanafunzi posho na kumsamehe ada kwa kufundisha au kusaidia utafiti, na nafasi za uzamivu katika baadhi ya nchi za Ulaya, kama Uholanzi na nchi za Skandinavia, hutangazwa kama ajira zenye mshahara. Kwa uzamili, ufadhili mwingi hutoka kwa serikali na mashirika: Chevening ya serikali ya Uingereza, iliyoanza 1983, hugharimia uzamili wa mwaka mmoja na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili, Fulbright ya Marekani ilianzishwa 1946, DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, hushughulikia masomo nchini humo, na Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya humsomesha mwanafunzi katika nchi zaidi ya moja.

Kila mfadhili ana kusudi lake, na insha ya ufadhili ni lazima ilijibu kusudi hilo. Anayekuza viongozi atataka kuona uliongoza nini, na anayekuza utafiti atataka kuona data. Kuhamisha barua ya dhamira ya chuo kwenda katika fomu ya ufadhili bila kuigusa ni kosa linaloonekana mara moja. Na jihadhari na yeyote anayedai malipo ili "akuhakikishie" ufadhili, kwa sababu hakuna mfadhili wa kweli anayeuza nafasi.

Hatua ya tisa: Kuwasilisha na mahojiano

Wasilisha walau siku tatu kabla ya mwisho, na uangalie saa ya mwisho imehesabiwa kwa majira ya wapi. Yape mafaili majina yanayoeleweka, yaweke katika PDF, yafungue tena baada ya kuyapakia, na uhifadhi nakala ya fomu pamoja na namba ya maombi.

Ukiitwa kwenye mahojiano, soma upya andiko lako kama mtu anayetaka kulipinga. Utaulizwa utafanya nini kama hutapata data ulizozitarajia, kwa nini ulichagua mbinu hiyo na kuiacha nyingine, na wakati mwingine ni makala gani ya hivi karibuni iliyobadilisha mawazo yako. Usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelitafutaje.

Hatua ya kumi: Baada ya majibu

Udahili wa masharti maana yake kuna kitu bado hujatimiza, kama vile cheti cha mwisho au alama ya lugha, na una tarehe ya kukitimiza. Ukidahiliwa katika vyuo kadhaa usikubali kwa pupa: nchini Marekani vyuo vingi vinafuata makubaliano yanayompa mwombaji hadi Aprili 15 kujibu ahadi ya ufadhili wa masomo ya juu. Tumia muda huo kuongea na wanafunzi wa sasa wa msimamizi wako mtarajiwa, uwaulize hukutana naye mara ngapi, husoma rasimu kwa muda gani, na waliomtangulia walimaliza kwa miaka mingapi. Majibu yao yatakufaa kuliko nafasi ya chuo katika orodha yoyote ya ubora.

Ukikataliwa, iandikie idara kwa adabu uulize kama inatoa maelezo ya sababu; nyingine hutoa, na sababu hizo zinaweza kutumika kurekebisha maombi ya mwaka unaofuata. Ukikubaliwa na fedha bado hazijapatikana, omba kuahirisha udahili badala ya kuuacha upotee. Na ukishathibitisha nafasi ya masomo ya nje, anza visa siku hiyo hiyo: Marekani utahitaji fomu ya I-20 au DS-2019, inayothibitisha kwamba unastahili kuomba visa ya masomo, kutoka chuoni au kwa mfadhili, Uingereza utahitaji namba ya CAS, yaani uthibitisho wa kudahiliwa unaotolewa na chuo, na huko asiyelipiwa na mfadhili rasmi anaweza kutakiwa kuonyesha kwamba fedha zinazohitajika zimekaa katika akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kupungua.